Waziri wa Mambo ya Ndani na jalada la mtu mmoja: mpaka uko wapi?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kila mara mtu anapofia kituo cha polisi, mfungwa anapotoroka, au mkimbizi anaporudishwa kule alikokimbia, mjadala wetu huishia palepale. Wapo wanaodai Waziri ajiuzulu siku hiyohiyo, na wapo wanaosema Waziri hakuwepo, hakuamuru, na hawezi kukesha mlangoni mwa kila mahabusu ya nchi hii. Naona pande zote mbili zinachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vizuri, yaani kuamuru na kuwajibika. Hoja yangu ni kwamba Waziri mwenye polisi, magereza na wakimbizi chini yake anapaswa kuwajibika kwa yote yanayotendeka humo, lakini asiruhusiwe kuamuru lolote katika jalada la mtu mmoja; na pale anapotoa agizo la jumla, agizo hilo liandikwe.

Nianze na hali ilivyo kwetu Tanzania. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi imebeba Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uokoaji, pamoja na idara inayoshughulikia wakimbizi. Mashtaka na mahakama haviko huko. Sera za sheria ziko Wizara ya Katiba na Sheria, Mkurugenzi wa Mashtaka analindwa na ibara ya 59B ya Katiba inayosema kuwa atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote au mamlaka yoyote, na Mahakama ni mhimili unaojitegemea. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa leo huanza mikononi mwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akapita kwa mwendesha mashtaka ambaye Waziri huyo hana sauti kwake, akafika kwa hakimu ambaye hapaswi kumsikiliza Waziri yeyote, kisha akarudi tena kwa Waziri yuleyule, safari hii akiwa ndani ya basi la magereza.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa mwaka 1977. Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati wa operesheni dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwepo huko. Akaondoka, akawa balozi nchini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wengi huusimulia mkasa huu kama hadithi ya unyenyekevu, na bila shaka unyenyekevu ulikuwepo. Mimi nauona zaidi kama kanuni ya kazi. Waziri aliondoka kwa sababu ya jambo ambalo hakuliamuru, na hilo halikuwa dhuluma kwake, kwa sababu cheo hicho ndivyo kilivyo.

Sasa tazameni kinyume chake. Uingereza, mwezi Septemba 1994, wafungwa 6 walitoroka gereza la Whitemoor, na Januari 1995 wengine 3 wakatoroka Parkhurst. Mwaka 1993 magereza yalikuwa yamefanywa wakala wenye mkurugenzi mkuu wake, Derek Lewis, ili Waziri ashughulike na sera na mkurugenzi aendeshe magereza. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka Oktoba 1995, Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, alisema kuwa kasoro zilikuwa za uendeshaji, si za sera, akamfukuza Lewis na yeye akabaki. Ubishi uliofuata ulihusu iwapo Waziri alikuwa amemtishia Lewis kwamba angeupindua uamuzi wake kuhusu mkuu wa gereza la Parkhurst. Mwaka 1997 mtangazaji wa televisheni alimuuliza swali hilo karibu mara kumi na mbili mfululizo, na hakupata jibu la ndiyo wala hapana.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mgawanyo wa sera na uendeshaji ni mzuri, lakini usipoandikwa huwa kama mlango usio na komeo. Waziri ataingia akipenda, na siku ya balaa atasema kuwa hajawahi kuingia.

Wakili Mchanga

Ndugu mleta uzi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na naomba niongeze kuwa majirani zetu wamekwisha kuliandika hilo komeo unalolizungumzia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 245, inamruhusu Waziri anayehusika na polisi kumpa Inspekta Jenerali maelekezo kuhusu sera, lakini inakataza mtu yeyote kumpa maelekezo kuhusu mambo matatu: upelelezi wa kosa mahususi, utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu mahususi, na ajira, upangaji, kupandishwa vyeo au kufukuzwa kwa askari. Kisha inaongeza kuwa agizo la Waziri lazima liwe la maandishi, na hata agizo la Mkurugenzi wa Mashtaka la kutaka jambo lipelelezwe lazima liwe la maandishi vilevile.

Angalieni hilo la tatu, ambalo watu wengi hulipita. Waziri asiyeruhusiwa kugusa jalada, lakini akaweza kumhamisha mpelelezi wa jalada hilo kutoka mjini hadi mpakani kwa barua ya mstari mmoja, amekwisha kuligusa. Waliotunga ibara ile walilijua hilo. Katiba yetu haina ibara inayofanana nayo.

Mzalendo Mkavu

Nisamehewe kwa kupinga, lakini naona mnaiabudu karatasi. Kenya wana ibara hiyo nzuri, na bado mwezi Juni 2025 Waziri wao wa Usalama wa Ndani alisimama hadharani, baada ya maandamano, akasema kuwa anayekaribia kituo cha polisi kwa nia mbaya apigwe risasi. Kelele zilipozidi, alijitetea kuwa kauli yake ilieleweka vibaya. Je, lile lilikuwa agizo au lilikuwa maoni? Halikuandikwa popote, kwa hiyo kwa kipimo cha ibara ya 245 si agizo; lakini askari aliye kituoni na bunduki begani amesikia nini?

Zaidi ya hapo, naogopa jambo jingine. Mkimfungia Waziri nje kabisa, nani atamdhibiti Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP)? Polisi wasiosikia la mtu aliyechaguliwa na wananchi ni hatari zaidi kuliko Waziri mwenye mkono mrefu. Binafsi nataka Waziri mwenye meno, anayepiga simu usiku akisikia kuwa mtoto wa mtu amefungiwa siku tano bila kufikishwa mahakamani.

Mleta uzi

Ndugu yangu Mzalendo, hoja yako ya pili ni nzito na sitaki kuipita juujuu.

Simu ya usiku ya kumtoa mtu aliyefungwa kinyume cha sheria inaonekana kama wema, na mara nyingine ni wema kweli. Tatizo ni kwamba simu hiyo haina njia ya kujitofautisha na simu ya kumfunga mtu. Mkuu wa kituo aliyezoea kutii simu ya kuachia atatii pia simu ya kushikilia, kwa sababu ameshajifunza kuwa kinachomtoa au kumbakiza mtu mahabusu ni sauti iliyo upande wa pili wa laini, si sheria. Waziri mwenye meno unayemtaka anaweza kufanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi kwa kuandika mwongozo kwamba kila kituo kitoe taarifa ya kila siku ya watu waliozidisha muda wa kisheria bila kufikishwa mahakamani, taarifa hiyo imfikie, na mkuu wa kituo aliyekosa kuitoa achukuliwe hatua. Hiyo ni sera. Inamsaidia mtoto wa mtu uliyemtaja, na inawasaidia pia watoto wa watu ambao hawana namba ya simu ya Waziri.

Kuhusu kauli ya Juni 2025, umenipa mfano bora kuliko niliyokuwa nayo. Ubaya wa kauli ya jukwaani ni kwamba ina nguvu ya agizo kwa anayeisikia na ina wepesi wa maoni kwa aliyeitoa. Sharti la maandishi peke yake halizibi mdomo wa mtu, nakubali. Lakini linampa askari haki ya kusema, mbele ya mahakama au mbele ya mkubwa wake, kuwa hakuona agizo lolote halali. Na linamnyima kinga yule atakayesema kuwa alimpiga mtu risasi kwa sababu alimsikia Waziri kwenye runinga.

Kwetu tuna ugonjwa huo kwa sura nyingine. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya mamlaka ya kuamuru mtu ashikiliwe kwa saa 48, na sote tumeona jinsi maagizo hayo yanavyotolewa mikutanoni, wananchi wakipiga makofi. Hao hawako chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, lakini polisi wanaotekeleza ni wake, na mahabusu wanamolala ni yake. Sitaendelea na hilo, maana litautoa uzi njiani.

Afande Mstaafu

Wanangu, nimetumikia magereza kwa zaidi ya miaka ishirini, na naona mmeyapita magereza kwa haraka kama ilivyo kawaida ya wasomi. Naomba niyasemee.

Gereza ni nyumba isiyoweza kukataa mgeni. Mtu akiletwa na hati ya mahakama, mkuu wa gereza anampokea, hata kama jana usiku watu walilala ubavu mmoja kwa zamu. Anayejaza gereza ni polisi anayekamata, mwendesha mashtaka anayeandika shtaka lisilo na dhamana, na hakimu anayeahirisha. Bungeni, hata hivyo, anayeulizwa kwa nini magereza yamejaa ni Waziri wetu, ambaye hapo ni sawa na mkulima anayelaumiwa kwa mafuriko wakati mto unaanzia kwa jirani.

Kuna maneno mawili ambayo kila mahabusu nchini anayajua kwa moyo: upelelezi haujakamilika. Mahabusu anapanda basi, anafika mahakamani, kesi inatajwa, anasikia maneno hayo mawili, anarudi. Baada ya siku 14, tena. Nimewaona vijana waliozeeka ndani ya maneno hayo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kifungu kilichomruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu, bila mahakama kupima sababu, kilikuwa kinyume cha Katiba. Lakini makosa yasiyo na dhamana kwa mujibu wa sheria yenyewe bado yapo, na yanajaza.

Nao msamaha wa Rais ni nafuu ya muda mfupi. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa mkupuo, jambo jema. Lakini msamaha wa ibara ya 45 unawahusu waliokwisha kutiwa hatiani. Mahabusu, ambaye kisheria bado hana hatia, hana wa kumsamehe, kwa hiyo mwenye kosa anatoka na asiyethibitishiwa kosa anabaki. Tulikuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza hilo usiku wa sikukuu.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru kwa kutusahihisha. Mfano wako wa mto ni mzuri, ila naomba nikuulize jambo moja kwa heshima zote. Upelelezi ambao haujakamilika unafanywa na nani? Na polisi, ambao wako wizara moja na magereza. Kwa hiyo chanzo kimoja cha mto huo kimo ndani ya shamba la Waziri mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kweli ya kuviweka vyombo viwili chini ya mtu mmoja, faida ambayo haihitaji Waziri afungue jalada hata moja. Kila siku ya ziada ya upelelezi ina gharama ya chakula, maji, dawa na basi kwa upande wa magereza, na gharama hiyo iko kwenye bajeti yake. Waziri anaweza kuuliza ni mikoa ipi ambayo mahabusu wanakaa muda mrefu zaidi wakisubiri upelelezi, akapeleka huko wapelelezi zaidi, magari, na uwezo wa maabara. Hajamtaja mtu, hajaagiza nani aachiwe. Tuna pia Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambazo zilitungwa ili waliofungwa wasikae ndani muda wote bila sababu, na wenye makosa madogo wasiingie kabisa. Kiasi zinavyotumika ni suala la sera, na ni haki Waziri aulizwe.

Mchangiaji wa Unguja

Jamani, mnapozungumzia wizara moja yenye polisi na magereza, mkumbuke kuwa hilo ni la Bara. Polisi ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba pamoja na uraia na uhamiaji. Magereza hayamo. Huku kwetu magereza yanaitwa Chuo cha Mafunzo na yako chini ya Serikali ya Mapinduzi, na tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka. Kwa hiyo anayekamatwa Unguja anakamatwa na askari wa Waziri wa Muungano, anashitakiwa na ofisi ya Zanzibar, na analala katika nyumba ya Zanzibar. Hesabu yako ya gharama, ndugu mleta uzi, huku haifanyi kazi, kwa kuwa anayechelewesha upelelezi siye anayepika uji.

Wakili Mchanga

Hoja ya Unguja inanirudisha kwenye swali ambalo huwa tunalijibu haraka mno: je, kuviweka vyombo hivi chini ya paa moja kunasaidia, au kuvigawa ndiko kunakosaidia? Naona mifano miwili ya Ulaya inayopingana, na kwangu inafundisha kitu kilekile.

Hadi mwaka 2007, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza alikuwa na polisi, magereza na uhamiaji pamoja. Hata muda wa chini ambao mfungwa wa maisha atakaa ndani ulikuwa ukiamuliwa na Waziri huyo, mwanasiasa mwenye uchaguzi mbele yake, mpaka majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walipotamka mwaka 2002 kuwa hilo halipatani na haki ya kusikilizwa na chombo huru. Mwaka 2006 ikabainika kuwa wafungwa 1,023 raia wa kigeni walikuwa wameachiwa bila mtu yeyote kufikiria kama wanapaswa kurejeshwa makwao. Magereza yalikuwa ya Waziri huyohuyo, uhamiaji wa Waziri huyohuyo, na bado majalada hayakutoka ofisi moja kwenda nyingine. Charles Clarke akaondolewa uwaziri mwezi Mei 2006, na mwaka uliofuata magereza yakahamishiwa wizara mpya ya sheria.

Ubelgiji waligawa. Tarehe 16 Oktoba 2023 mtu mwenye asili ya Tunisia aliwaua raia wawili wa Sweden mjini Brussels. Ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa mwaka 2020, na Tunisia ilikuwa imeomba apelekwe kwao mwaka 2022, lakini jalada la ombi hilo lilibaki bila kushughulikiwa katika ofisi ya mashtaka. Waziri wa Sheria, Vincent Van Quickenborne, alijiuzulu siku nne baadaye.

Paa moja lilishindwa, mapaa mengi yalishindwa. Karatasi haikusogea katika nyumba zote mbili. Ninyi mnaopenda kila baada ya uchaguzi kuona wizara zikiunganishwa na kutenganishwa, mniambie ni jalada gani linalosogea kwa sababu kibao cha mlangoni kimebadilishwa.

Mleta uzi

Umenisaidia kusema nilichotaka kusema tangu mwanzo. Waziri yule wa Ubelgiji aliwajibika kwa kosa lililotokea katika ofisi ya mashtaka, kosa ambalo si yeye aliyelitenda. Ni Mwinyi wa 1977 tena, katika lugha nyingine. Anayeona kuwa huo ni uonevu anadhani kujiuzulu ni adhabu ya kosa la mtu. Mimi naona ni njia ya wananchi kupata jibu, kwa sababu mwendesha mashtaka na askari hawasimami bungeni. Asiposimama Waziri, hakuna anayesimama.

Uholanzi nao walipata funzo la maandishi. Waziri Ivo Opstelten na naibu wake Fred Teeven walijiuzulu Machi 2015, baada ya kugundulika kuwa Bunge lilipewa kiasi kisicho sahihi cha fedha katika makubaliano ya zamani kati ya mwendesha mashtaka na mhalifu wa dawa za kulevya. Mwendesha mashtaka wa wakati ule alikuwa Teeven mwenyewe. Kumbukumbu ya malipo ilisemekana kuwa haipatikani, kisha ikapatikana kwenye hifadhi ya kompyuta. Kiasi kilichotajwa bungeni kilikuwa guilder (sarafu ya zamani ya Uholanzi) milioni 1.25, na kilichokutwa kwenye kumbukumbu kilizidi milioni 4.7.

Dada wa Kigoma

Nimesoma kwa makini na nimeona kuwa wakimbizi wametajwa mwanzoni mwa hoja, kisha wakasahaulika, kama ilivyo desturi. Naomba niwarudishe, kwa sababu hoja ya mleta uzi inakwamia hapo.

Anasema Waziri asiguse jalada la mtu mmoja. Kwa mujibu wa Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998, kamati ya taifa husikiliza maombi ya hifadhi na kumpelekea Waziri mapendekezo. Anayeamua ni Waziri. Yaani sheria yenyewe inaliweka jalada la mtu mmoja, lenye jina lake na hofu yake, juu ya meza ya mwanasiasa. Halafu sheria hiyohiyo inampa uwezo wa kutangaza kuwa kundi zima la watu ni wakimbizi bila kuulizwa mmoja mmoja, na wa kuufuta utaratibu huo. Januari 2017 utaratibu huo ulifutwa kwa Warundi, na kuanzia hapo kila aliyevuka alitakiwa kueleza kisa chake peke yake mbele ya maofisa. Sisi tunaoishi jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta tuliiona tofauti kwa macho.

Na nchi hii hii ndiyo ambayo Mwalimu alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu kwa wakimbizi, ndiyo iliyowapa uraia takriban Warundi 162,000 wa kundi la wakimbizi wa mwaka 1972, na ndiyo iliyotangaza Desemba 1996 kuwa wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha. Mkono ni uleule. Unafungua na kufunga kwa jinsi upepo wa siasa unavyovuma.

Mleta uzi

Dada yangu, umenikuta penye udhaifu, na nakiri. Kuhusu hifadhi, sheria yetu inakwenda kinyume na kanuni ninayoitetea, na sidhani kuwa ni kanuni inayopaswa kubadilika. Kutangaza kundi ni sera, na kufuta tangazo ni sera, hata kama ni sera ninayoweza kuipinga. Lakini kuamua kama mtu fulani ana sababu ya kuogopa kuuawa akirudi ni kazi ya kupima ushahidi, inayofanana na ya hakimu kuliko ya Waziri. Kenya wameiweka kwa Kamishna wa Wakimbizi, na asiyeridhika anakwenda kwenye kamati ya rufaa na kisha Mahakama Kuu. Hapo Waziri anabaki na sera, na hata sera yenyewe ina mahali inapogota: Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha agizo la Serikali la kuifunga kambi ya Dadaab.

Kwa nini nasisitiza mahakama katika hili kuliko mahali pengine? Kwa sababu kosa la polisi au magereza mara nyingine linaweza kurekebishwa, walau kwa fidia. Mtu aliyerudishwa mikononi mwa anayemwinda harudishwi tena, na ndiyo maana ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Mkataba wa OAU wa 1969 vinakataza kumrudisha mtu huko.

Kuna kesi moja ya Uingereza ninayoipenda, kama mtu anaweza kupenda kesi yenye huzuni. Mwaka 1991 mwalimu kutoka Zaire, anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi M tu, alipandishwa ndege kurejeshwa Kinshasa wakati jaji alikuwa ameelewa kuwa asingesafirishwa kwanza. Usiku ule jaji akaamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akiwa ameshauriwa na wanasheria wake kuwa jaji hana uwezo wa kuiamuru Serikali hivyo, akafuta safari ya kumrudisha. Mwaka 1993 House of Lords ikatamka kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa cheo chake, aliidharau mahakama. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa Waziri hutii mahakama kwa hiari na heshima yake. Kumbe ni wajibu, kama wa mtu mwingine yeyote.

Mzalendo Mkavu

Nimesogea kidogo, sijahama. Nakubali kuwa jalada la mkimbizi litoke mezani kwa Waziri. Kwa polisi bado nataka chombo cha nje kinachowachunguza kabla sijamfungia Waziri mlango. Kenya wana mamlaka huru ya kuwasimamia polisi kwa sheria ya 2011. Kwetu tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, lakini malalamiko mengi dhidi ya polisi yanaanza na kuishia kwa polisi wenyewe, na hiyo ni kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliwasilisha ripoti yake mwaka 2023. Tuanzie humo badala ya kuanza upya.

Lakini niambie, ndugu mleta uzi: siku ya bajeti ya Wizara ungepewa swali moja tu la kumuuliza Waziri, ungeuliza nini?

Mleta uzi

Ningeomba anitajie idadi ya maagizo aliyompa IGP na Kamishna Jenerali wa Magereza kwa maandishi mwaka huu, na ayaweke mezani kwa Katibu wa Bunge, yaliyo ya siri yasomwe na kamati husika. Kisha ningemuuliza ni mangapi aliyatoa kwa simu.

Afande Mstaafu

La kwanza atalijibu. Hilo la pili, mwanangu, sidhani. Gerezani hata mama aliyemletea mwanawe sabuni huandikwa kitabuni pale getini: jina, saa aliyoingia, aliyemwona, saa aliyotoka. Nimekijaza kitabu hicho kwa miaka. Kitabu cha simu zinazotoka juu sijawahi kukiona, na ziliingia nyingi.